Daftari la Timu ya Garsen

Juzi baada ya sala ya Alasiri nilikwenda kutazama timu moja ya ligi za chini ikifanya mazoezi mjini Garsen. Nilipomwuliza mwalimu wao historia ya timu, alinitolea daftari kuukuu lililovimba kwa maji ya mafuriko ya 2023. Wino ulikuwa umetawanyika, lakini majina yalisomeka: vijana wa Kipokomo na wa Kiorma katika safu moja.

Jambo hilo si dogo. Mwaka 2012, katika ugomvi wa mashamba, malisho na maji, watu zaidi ya 100 waliuawa katika delta ya Mto Tana. Semina za amani zilifanywa, zikamalizika. Gozi bado lachezwa.

Huko Ujerumani hata timu ya kijiji huwa ni chama kilichoandikishwa, mali ya wanachama wanaolipa ada, na nyingi zimepita miaka 100. Kwetu sisi, Feisal ya Mombasa ilitwaa ubingwa wa Kenya mwaka 1965; leo vijana wangapi waijua?

Wahenga walinena: mali bila daftari hupotea bila habari. Umoja wa vijana hawa ni mali. Wakubwa, wanunulieni mipira, na daftari jipya msilisahau.