Akifaulu wa baba, akifeli wa mama

NENO LA JUMAMOSI
Na Zuhura Kilindo

Shule zikifungwa, ripoti za watoto huingia nyumbani na kesi huanza. Mtoto akiwa wa tatu darasani, baba anaionyesha ripoti kwa kila mgeni: "Huyu kanifuata mimi, enzi zangu nilikuwa kipanga." Akiwa wa arobaini, ripoti inasukumwa kwa mama: "Kawaulize wajomba zake, kwao nani alimaliza shule?" Akina mama nao siku hizi wana silaha yao, ujumbe wa WhatsApp unaodai wanasayansi wamethibitisha kwamba akili ya mtoto hutoka kwa mama peke yake.

Tuanze na huo ujumbe, maana umesambaa. Umejengwa juu ya kromosomu X: mama anazo mbili, baba anayo moja, basi eti akili ni ya mama. Waliouandika wamesahau kuwa binti hupata X moja kwa mama na nyingine kwa baba. Tena vinasaba vinavyohusishwa na akili havikujikusanya kwenye X. Watafiti wamevikuta kwa mamia, vimetawanyika huku na kule kwenye kromosomu nyingine, na kila kimoja mchango wake ni mdogo mno. Mtoto huvipata kutoka pande zote mbili, kwa mchanganyiko ambao hakuna mzazi aliyeuchagua. Ndiyo maana watoto wa tumbo moja hutofautiana, mmoja akaongoza darasa na mwenzake akawa hataki hata kuona daftari.

Je, akili hurithiwa? Ndiyo, kwa sehemu, na anayekataa hilo anajidanganya. Ushahidi mzito umetoka kwa mapacha wa kufanana. Mwaka 1979 Thomas Bouchard wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, alianza kuwachunguza mapacha waliotenganishwa utotoni na kulelewa katika familia tofauti. Walipopimwa ukubwani, alama zao zilikaribiana sana. Timu yake ikakadiria kwamba takribani asilimia 70 ya tofauti za akili katika kundi lile zilitokana na urithi.

Wengi wakisikia asilimia 70 wanafunga mjadala. Namba hiyo haina maana kwamba asilimia 70 ya akili ya mtoto wako imetoka kwako. Inahusu tofauti baina ya watu waliopimwa, katika maisha waliyoishi. Bouchard na wenzake walionya wenyewe kwamba mapacha waliokulia kwenye umaskini wa kweli, au kwa wazazi wasiojua kusoma, walikuwa wachache, hivyo matokeo yale yasipelekwe kwa watoto wa mazingira hayo.

Onyo lile lilikuwa na mashiko. Mwaka 2003 mwanasaikolojia Eric Turkheimer na wenzake walichapisha uchambuzi wa mapacha wa miaka saba wa hukohuko Marekani. Kwa watoto wa familia zenye uwezo, urithi ulieleza sehemu kubwa ya tofauti za alama. Kwa watoto wa familia maskini urithi ulieleza karibu sifuri, na mazingira ya nyumbani yakabeba takribani asilimia 60. Tafiti za Ulaya Magharibi na Australia hazikuona pengo hilo, na maelezo yanayotolewa ni kwamba huko hata mtoto wa maskini ana uhakika zaidi wa tiba na shule. Kwa hiyo kipaji cha kurithi huonekana vizuri pale ambapo mtoto hakunyimwa mahitaji ya msingi.

Na hatuna haja ya kwenda mbali. Huko Embu, Kenya, watafiti waliwapima watoto wa vijijini wa umri wa miaka kama saba mwaka 1984, kisha wakapima wengine wa eneo hilohilo mwaka 1998. Alama zilikuwa zimepanda sana. Vinasaba vya watu wa Embu haviwezi kubadilika katika miaka 14. Kilichobadilika, kwa mujibu wa watafiti hao, ni wazazi kujua kusoma, muundo wa familia, na lishe na afya ya watoto.

Sasa turudi kwetu. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa watoto watatu kati ya kumi wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Mkoa ulioongoza ni Iringa, zaidi ya nusu ya watoto, ukifuatiwa na Njombe na Rukwa. Hii ndiyo mikoa inayotulisha! Magunia ya viazi yanapandishwa kwenye Fuso kwenda Dar es Salaam, mayai yanapangwa kwenye trei kwenda sokoni, na mtoto amebaki na dada yake wa miaka tisa na kikombe cha uji mweupe wa sembe, kwa kuwa mama yuko shambani tangu alfajiri. Udumavu hauishii kwenye kimo, maana ubongo nao unajengwa katika siku 1,000 za kwanza, tangu mimba hadi miaka miwili. Vilevile mjamzito akikosa madini joto, ubongo wa mtoto huathirika kabla hajazaliwa, na dawa yake ni chumvi ya pakiti ya bei ndogo dukani.

Mtoto huyo akifika darasa la kwanza, mwalimu anamwita kilaza, na nyumbani wanasema karithi ukoo wa mama yake. Neno "karithi" linatupendeza watu wazima kwa sababu linatuondolea wajibu. Likishatamkwa, hakuna anayeuliza kama mtoto anaona ubaoni, kama alikula asubuhi, au kama kuna mtu nyumbani aliyewahi kukaa naye kumsomea hadithi.

Mzazi, vinasaba ulishampa na huwezi kuvirudisha. Vilivyobaki mkononi mwako ni kliniki ya mapema, yai unalotaka kuliuza na nusu saa ya kukaa naye na kitabu. Na halmashauri zetu, kabla ya kununua vikombe vya kuwapongeza walioongoza, ziweke fungu la uji wa lishe shuleni.