Shamba letu: Kifuniko cha chupa

Mshahara wa baba kule mugodini umenunua gunia moja la mbolea ya NPK, kilo 50. Utaitupa ovyo kama chakula cha kuku? Hapana! Majani itakula, mvua itabeba, na watoto watabaki na njaa.

Fanya hivi: kamata kifuniko cha chupa ya soda. Kinabeba karibu gramu 5. Siku ya kupanda mahindi, tia kifuniko kimoja kandokando ya kila shimo, vidole vinne mbali na mbegu, kisha fukia. Ikigusa mbegu, itaiunguza. Hesabu mwenyewe: gunia linatosha mashimo 10.000.

Kupima si choyo, njo akili ya nyumba. Vijana, nani atajaribu mistari mbili tu, mvua ya Novemba ikifika?