Aliyelewa Jana Si Mlevi Leo
Nchini Marekani, anayeomba kibali cha kuaminiwa siri za serikali huchunguzwa mienendo yake. Unywaji wa pombe kupindukia ni mojawapo ya mambo 13 yanayopimwa katika mwongozo ulioanza kutumika mwaka wa 2017. Hata hivyo, aliyekiri udhaifu wake, akatibiwa na kujiepusha na pombe kwa muda wa kutosha, aweza kupewa kibali hicho.

Nikiwa mwanaisimu, naiona busara hapo. Kitenzi ‘alilewa’ kina wakati. Nomino ‘mlevi’ haina. Nasi humbandika mtu nomino hiyo hadi kaburini! Aliogopalo jina hilo hatakiri wala kutafuta tiba, na siri aifichayo huwa silaha ya adui. Walimu na wanafunzi, tumpime mtu kwa kitenzi.