Mavumbi Yana Asili Yake



Kila Jumatano ya Majivu waamini hutoka Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, Kivukoni, wakiwa na alama nyeusi kwenye paji la uso, wakielekea ofisini, kwenye pantoni au Kariakoo. Mahubiri mengi niliyowahi kusikia siku hiyo, kwingi nilikopita, husema mavumbi maana yake si kitu. Sikubaliani.

Weusi ule ni kaboni. Mwaka 1868 padre Mjesuiti Angelo Secchi, akichunguza mwanga wa nyota huko Roma, alitambua nyota nyekundu zenye kaboni nyingi. Leo tunajua kuwa ni nyota zilizozeeka. Hutanuka na kusinyaa, zikijivua tabaka za nje, hadi zizungukwe na wingu la gesi na masizi. Kwenye ile iitwayo CW Leonis wataalamu wameona asetilini, gesi ileile ya mafundi wa kuchomelea wa Gerezani. Mwanga wa nyota huyasukuma masizi, nayo huikokota gesi kwenda mbali, kilomita 14 hivi kwa sekunde. Sehemu ya kaboni ya miili yetu ilitoka katika nyota za aina hiyo, zilizokufa kabla Jua halijawaka.

Mwenzangu darasani alisema hayo tuwaachie wanasayansi. (Padre Secchi angecheka.) Lakini Kitabu cha Mwanzo kinasema Mungu alimfanya mtu kwa mavumbi, wala hakionyeshi kwamba aliyadharau. Mama muuza samaki wa Feri, anapopakwa majivu, ameshadharauliwa vya kutosha wiki nzima. Kwaresima ijayo ningependa asikie pia mavumbi yake yalitoka wapi.