Miji iliyokufa Mafia

Msomaji mpenzi, safari hii funga masurufu yako, twende Mafia. Kutoka Utende twapanda mashua, twakipita kisiwa kidogo cha Chole, na mbele yake ni Juani. Huko Juani, mahali paitwapo Kua, palikuwa na mji. Leo utaona kuta za mawe na chokaa, misikiti, makaburi, na jumba la ghorofa ambalo mwenyeji wako atakuambia ni la mtawala. Mibuyu imeota ndani ya vyumba. Huoni moshi wa jiko, husikii jogoo.

Wazee wa Mafia wana hadithi yao. Husema kwamba watu wa Kisimani, mji mwingine wa upande wa magharibi, waliunda jahazi, wakawaalika watu wa Kua siku ya kulishusha majini. Ati badala ya magogo ya kuviringishia, waliwakamata watoto wa wageni wao, wakawafunga, wakaliburuta jahazi juu yao. Watu wa Kua wakanyamaza. Miaka ikapita. Kisha wakawaalika wale wa Kisimani arusini, wakawaketisha katika chumba cha chini ya ardhi, wakauziba mlango kwa mawe.

Sikuambii uamini kila neno. Lakini aliyeitunga hadithi hiyo alijua kwamba mji ni watoto wake, wala si kuta zake. Maana hivyo ndivyo Kua ilivyokufa kweli. Yapata mwaka 1829 walikuja Wasakalava kutoka Bukini, nchi tunayoiita leo Madagaska. Walikuwa mabaharia wakali, waliokwisha kuvisumbua visiwa vya Komoro miaka mingi. Nyumba za Kua hawakuwa na haja nazo; walitaka watumwa. Walichukua watu, wakaacha mawe, na mawe yapo hata leo. (Ukifika huko, ndugu yangu, usiokote hata kigae.) Kisimani nako bahari imeimega nchi, sehemu kubwa ya mji imekwenda na maji.

Baada ya Kua, Chole ikawa mji mkuu. Mabwana wa Kiarabu walijenga nyumba zao hapo, wakiwa na mashamba ya minazi yaliyolimwa na watumwa. Mwaka 1890 Mafia ikaingia mikononi mwa Wadachi, nao wakaweka serikali yao Chole. Basi ungalidhani mji huo umepata maisha marefu. Lakini meli za moshi zilitaka maji marefu, na mwaka 1913 Wadachi wakahamisha makao yao kwenda Kilindoni. Jina lenyewe lakuambia sababu: ni penye kilindi. Hakuja adui wala tufani. Karani alifunga sanduku lake, akaondoka. Leo mizizi ya miti imezikumbatia kuta za majumba yale kama mkono ushikavyo kikombe.

Wadachi hao hao, miaka ile ile, walikuwa wakijenga mji mwingine katika jangwa la Namibia. Mwaka 1908 mfanyakazi wa reli aitwaye Zacharias Lewala aliokota almasi mchangani, akampa msimamizi wake, August Stauch. Ukaota mji wa Kolmanskop, wenye hospitali, hata kiwanda cha barafu, mahali ambapo hapamei mchicha. Mwaka 1928 zikaonekana almasi nyingi zaidi kusini, karibu na mto Orange, watu wakazikimbilia. Kufika 1956 hakuna aliyebaki. Mchanga umeingia kwa mlangoni, umejaa vyumbani.

Wewe mwenye kijana aliyekwenda machimboni, najua unamngoja kwa moyo mmoja. Nami simlaumu, fedha ya ada na ya dawa haitoki mbinguni. Ila mwulize akija: huko alikojenga kibanda, kuna kisima? Kuna bustani? Mji wa almasi hauna la kula siku almasi ikiisha.

Chole yenyewe haikuwa tupu, hilo ndilo linalonipendeza. Serikali iliondoka, wanakijiji wakabaki, kwa kuwa samaki hawakuhamia Kilindoni pamoja na karani, wala minazi. Ukirudi kutoka Kua jioni, pita hapo ufukoni. Utawakuta mafundi wakiunda mashua kwa mikono, na juu yao popo wakubwa wananing'inia mitini wakingoja giza.