Kufuli Halisemi: Kwa Nini Mlango wa Duka Lako Unahitaji Sensa

Kuanzia Jego hadi Msambweni, wakala wa pesa akifunga duka jioni hutegemea kitu kimoja: kufuli. Kubwa, zito, la bei. Sisi tunasema kufuli ni zuri, lakini halisemi. Likikatwa saa nane usiku, wewe utajua asubuhi ukija kufungua. Ndiyo maana tunaona pesa ya kufuli la tatu ni afadhali uiweke kwenye sensa ya mlango.

Inafanyaje kazi? Ni vipande viwili tu. Kimoja ni sumaku, kinabandikwa kwenye mlango. Cha pili kinakaa kwenye fremu, na ndani yake kuna kijibomba cha kioo chenye vyuma viwili vyembamba. Mlango ukifungwa, sumaku iko karibu, vyuma vinagusana na umeme unapita. Mlango ukifunguliwa, sumaku inasogea mbali, vyuma vinaachana, umeme unakatika na king'ora kinalia. Kwa sensa nyingi za waya, hata mwizi akikata waya ni yale yale: umeme umekatika, king'ora kinalia.

Si uchawi wala si jambo geni. Swichi hii ya sumaku ilibuniwa mwaka 1936 na Walter Ellwood, wa maabara za Bell kule Marekani. Ile milango ya supamaketi inayojifungua ukikaribia nayo ina sensa, ila ya aina nyingine: hiyo inahisi mtu anayesogea. Lifti nayo hutumia miale ya mwanga kujua kama mtu bado yuko mlangoni.

Sasa tuseme ukweli: sensa haimzuii mwizi. Inatoa habari tu. Kwa hivyo swali la maana si "king'ora kina sauti gani?" bali "nani atakuja kikilia?" Kama jirani hajui ile sauti ni ya nini, atageuka upande wa pili alale. Ongea naye kwanza. Ongea na wenzako wa Nyumba Kumi, na bawabu kama yupo. Kisha ndiyo ununue.

Ukinunua, angalia mambo haya:

- Mlango wa chuma hupunguza nguvu ya sumaku. Mwambie fundi mlango wako ni wa aina gani kabla hajaleta kifaa.
- Hewa ya chumvi ya pwani hula vyuma na nyaya. Jaribu sensa kila wiki: fungua mlango, sikiliza.
- Stima ikipotea je? Hakikisha king'ora kina betri yake.
- Kama kinatumia laini ya simu kukupigia au kukutumia meseji, kiwekee kredo. Na hiyo laini isiwe ile ya uwakala wako.

La mwisho ndilo kubwa. Ukipata meseji kwamba "mlango wako umefunguliwa, weka namba ya siri kuzima king'ora", usithubutu. King'ora kinaweza kuwa na namba yake ya kukizima, lakini hakina haja hata kidogo na namba ya siri ya akaunti yako ya pesa. Anayeiomba ni mwizi anayepitia mlango mwingine.

Sisi hatuuzi sensa, na hatupati chochote ukinunua. Lakini tunajua kuwa keshi ikilala dukani, hasara inaweza kuwa mtaji wote: ada ya mtoto, kodi ya chumba, na imani ya wateja waliokuzoea. Kwa hivyo kabla ya kufunga leo jioni, peleka keshi benki au ibadilishe iwe floti, ubakishe kidogo tu cha kuanzia asubuhi. Floti iko nyuma ya namba yako ya siri. Mwizi hawezi kuibeba kwa gunia.

Mlango useme, jirani asikie, na droo iwe tupu. Hapo hata ukilala, unalala kweli.