Mpango wa biashara nao una lugha

Mwaka jana rafiki yangu, mwanafunzi wa usanifu wa vifaa, aliingia katika mashindano ya mipango ya biashara kati ya vyuo. Alikuja na mbabula ya bati yenye udongo wa kuchomwa ndani, ili makala yasiishe haraka. Wazo lenyewe si jipya: nchini Kenya majiko ya namna hiyo yanajulikana tangu miaka ya 1980. Jipya lilikuwa umbo, alilolirekebisha kwa ajili ya mapishi yetu. Mimi nilienda naye ili nimsaidie kubeba. Tulirudi bila zawadi, mbabula kichwani. Naandika kwa sababu naona kwamba siku ile kitivo chetu nacho kilishindwa, ingawa hakikualikwa.

Kabla ya mashindano, rafiki yangu alizunguka wiki mbili katika soko la Kenya, mtaa wetu wa Lubumbashi, siyo nchi. Mama mmoja anayeuza chakula aliinyanyua mbabula kwa mkono mmoja, akacheka, akamwambia: «Mwana, hii iko mwepesi. Nikipika bukari, itakimbia.» Basi akarudi kwa fundi, akapanua miguu ya mbabula, akaongeza vishikio vya kukamata chungu. Sentensi moja ya sokoni ilibadilisha chombo kizima.

Sisi wa isimu tungekitazama vizuri kitenzi kile. Mama hakusema kwamba chombo hakina uthabiti. Alisema kitakimbia. Ndani ya neno hilo kuna mwiko unaosukuma unga mzito, kuna chungu kinachoteleza, kuna moto unaomwagika karibu na watoto. Msanifu akisikia «itakimbia», anajua mara moja pa kugusa.

Siku ya mashindano alipewa dakika chache, kwa Kifaransa, na slaidi zenye maneno ya Kiingereza kama wenzake wote. Alisema kwamba mfano wa kwanza ulikuwa na tatizo la uthabiti. Hakuna jaji aliyeinua kichwa. Alipoulizwa mteja wake ni nani, alijibu kwa sentensi aliyoikariri usiku kucha: wanawake wa mjini wenye kipato cha chini. Yule mama mwenye mwiko, aliyemfundisha zaidi ya kitabu chochote, alipotea ndani ya maneno hayo. Mbabula yenyewe ilikaa chini ya meza mpaka mwisho; utaratibu haukuwa na nafasi ya kuiwasha.

Lakini nisiwaonee majaji. Mmoja wao aliuliza: bei ya bati ikipanda, utauza kwa kiasi gani? Rafiki yangu hakuwa na jibu. Swali lile lilikuwa la haki, na katika masomo yake hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo. Kwa hiyo sikubaliani na wanaosema msanifu abaki na penseli yake na kuwaachia hesabu watu wa uchumi. Chombo kizuri ambacho fundi hawezi kukitengeneza kwa faida kitabaki ukutani siku ya maonyesho.

Mifano ya wasanifu waliofika mbali ipo. Nchini Marekani, waanzilishi wawili kati ya watatu wa Airbnb walisoma usanifu katika Rhode Island School of Design. Mwaka 2007 kikundi kilichotoka katika somo la usanifu wa vifaa vya bei nafuu huko Stanford kilishinda dola 250,000 katika mashindano ya mipango ya biashara, kwa ajili ya taa ya sola; kampuni yao ni d.light. Mmoja wao, Sam Goldman, alikuwa ameishi Benin, na huko mtoto wa jirani yake aliungua kwa taa ya mafuta. Mpango wake ulianzia uani kwa watu, kisha ukapelekwa mbele ya wenye fedha. Njia hiyo yetu pia inawezekana. Tofauti ni kwamba wanafunzi wale walishindana kwa lugha waliyofikiria nayo kila siku, na wetu wanalazimika kutafsiri peke yao, bila mtu aliyefundishwa kazi hiyo.

Wengine watasema wawekezaji hawajui Kiswahili. Baadhi yao ni kweli, nao wapewe maandishi ya Kifaransa yaliyoandikwa vizuri. Wengine watasema Kiswahili hakina maneno ya biashara. Hapo nakataa. Mtaji, faida, hasara, gharama, deni, dhamana, mkopo: yapo na yanatumika. Likelemba tunayo, na mama wa sokoni atakueleza mzunguko wake wa fedha bila kukosea franka moja. Tena Kiswahili cha mji huu kilikua katika kazi, migodini na karakanani, tangu mji ulipoanzishwa mwaka 1910. Ni ajabu kuambiwa leo kwamba hakifai kuzungumzia kazi.

Swali gumu zaidi ni hili: Kiswahili kipi? Kile cha vitabuni au kile cha mama wa bukari? Jibu langu ni vyote viwili, kila kimoja mahali pake. Maneno ya mteja yaandikwe kama alivyoyasema. Maelezo ya mpango yaandikwe kwa Kiswahili sanifu. Na msikilizaji asiyejua chochote kati ya hivyo apewe tafsiri isiyoua kitenzi.

Hiyo ndiyo kazi yetu. Katiba ya mwaka 2006 inakitaja Kiswahili kuwa moja ya lugha nne za taifa, pamoja na Kikongo, Lingala na Tshiluba. Sisi tunairudia habari hiyo katika kila mtihani, halafu tunawaacha wenzetu wajieleze peke yao. Napendekeza mambo matatu. Waandaaji waruhusu sehemu ya maelezo itolewe kwa lugha ya watu watakaokitumia chombo, huku mkalimani akisaidia. Kila kikundi kiruhusiwe kuonyesha chombo kikifanya kazi. Na kitivo chetu kikubali kwamba mwanafunzi anayekusanya maneno ya wateja na kuyatafsiri kwa ajili ya kikundi cha usanifu anafanya kazi ya uwandani inayostahili alama.

Ile mbabula haikufa. Yule mama aliinunua, kwa makubaliano kwamba atalipa zamu yake ya likelemba itakapofika. Mazungumzo ya bei yalichukua karibu saa nzima, na humo rafiki yangu alijifunza kulijibu lile swali la bati. Ameniomba niwe naye katika mashindano yajayo, safari hii kama mwanakikundi. Nimekubali. Tunahitaji mtu wa hesabu, na mkalimani mmoja kutoka darasa la tafsiri.